Kiungo kwa Kiungo: Historia ya Pambo la Reli Nyuma ya Gari la Kimarekani

Neno kiungo katika Kiswahili limebeba mizigo mingi. Mkono ni kiungo na kidole ni kiungo. Tangawizi na bizari ni viungo. Na chochote kinachofunga kitu hiki na kile, kama vile behewa na behewa, nacho ni kiungo. Wanafunzi hutuuliza mara kwa mara kama hayo ni maneno matatu yaliyofanana kwa sauti tu, au ni neno moja lenye matawi, nasi huwajibu kwa kuwarejesha kwenye kitenzi kuunga ambacho ndicho shina la yote: mfupa huungwa, mchuzi huungwa, na chuma huungwa. Jibu hilo latosha darasani. Lakini ipo historia moja, ya nchi ya mbali, ambamo maana ya kwanza na maana ya tatu zilikutana kwa namna ya kutisha, kwa kuwa kwa miaka mingi wafanyakazi walipoteza viungo vyao vya mwili katika kazi ya kufunga viungo vya chuma. Tungependa kuisimulia historia hiyo kwa kuanzia mahali ilipoishia, yaani kwenye pambo dogo linalochomekwa nyuma ya gari.

Gari lenyewe ni lile liitwalo pikapu: lori dogo lenye chumba cha dereva mbele na sanduku wazi nyuma. Kampuni ya Ford ilianza kuuza gari la namna hiyo, likiwa limekamilika tangu kiwandani, mwaka 1925, na leo limejaa katika kila mtaa wa Marekani. Chini ya sehemu yake ya nyuma hufungwa bomba la chuma la mraba, lenye mdomo wa inchi 2, yaani milimita 51 kasoro kidogo. Dereva anapotaka kuvuta tela huingiza ndani ya mdomo huo mkono wa chuma wenye tufe, kisha huukaza kwa pini inayopita ubavuni, yenye unene wa inchi 5/8, karibu milimita 16. Akimaliza safari huuondoa mkono ule, maana ukiachwa umechomoza huvunja miundi ya wapita njia (aliyewahi kugonga muundi wake hapo usiku hasahau), na mdomo hubaki wazi ukikusanya matope na kutu. Kizibo kikahitajika, na binadamu akishapewa kizibo hutafuta namna ya kukipamba. Ndiyo maana katika maegesho ya Marekani utaona nyuma ya magari nembo za vyuo, alama za timu za mpira, bendera, samaki, mafuvu. Miongoni mwao yapo mapambo ya reli: uso wa kichwa cha treni cha mvuke, msumari wa reli uliopindwa, na lile ambalo kwa maoni yetu ni zito kuliko yote kwa maana, yaani mfano mdogo wa kiungo cha behewa.

Tulipoonyeshwa picha ya pambo hilo kwa mara ya kwanza tulicheka. Lilionekana kama mzaha wa mtu aliyejifanya kwamba gari lake dogo laweza kuvuta mabehewa mia moja. Na mzaha upo, hatukatai. Lakini umbo lile, ambalo humfanya mtazamaji adhani anaona ngumi iliyolegezwa au mkono uliokunja vidole ukingoja mkono mwenziwe, lina ukoo wake, na ukoo huo haukuanzia katika mzaha.

Katika karne ya 19 mabehewa mengi ya mizigo ya Marekani yaliunganishwa kwa pete na pini. Kila behewa lilikuwa na mfuko wa chuma kwenye kila mwisho wake, mdomo ukiwa mbele na tundu likiwa juu. Pete ndefu ya chuma, yenye umbo la yai, iliingizwa katika mfuko wa behewa la kwanza na kushikwa kwa pini. Behewa la pili liliposogea, mtu alisimama katikati ya mabehewa yale mawili, akaiinua ncha ya pete kwa mkono wake ili iingie katika mdomo uliokuwa ukimjia, akauondoa mkono, akadondosha pini ya pili. Kazi yote hiyo ilitakiwa kumalizika katika muda wa kupepesa jicho. Aliyechelewa aliacha vidole baina ya vyuma viwili, na aliyejikwaa aliacha zaidi ya vidole.

Msomaji asidhani kwamba kazi hiyo ilifanyika daima mchana, mahali tambarare, na mabehewa ya kimo kimoja. Mabehewa ya kampuni mbalimbali yalichanganywa katika treni moja, na vimo vya mifuko yao havikulingana. Usiku mfanyakazi alishika taa kwa mkono mmoja. Wakati wa baridi kali ngazi na vyuma vilifunikwa na barafu. Mtu huyo huyo, aliyeitwa mshika breki, ndiye aliyepaswa kukimbia juu ya mapaa ya mabehewa yanayokwenda ili kuzungusha magurudumu ya breki. Baadhi ya kampuni ziliwagawia wafanyakazi vijiti vya kuongozea pete ili mikono isiingie katikati, na kanuni zikaandikwa. Lakini aliyetumia kijiti alichelewesha treni, na msimamizi hakuwa na subira naye. Inasimuliwa kwamba mwajiri aliyetaka kujua kama mtu ameizoea kazi ya reli alimtazama mikono kwanza: aliyekosa kidole kimoja au viwili alihesabiwa kuwa fundi mzoefu. Hatuwezi kuthibitisha kwamba kila bwana wa reli alifanya hivyo, lakini simulizi lenyewe linatuonyesha jinsi ajali hizo zilivyokuwa za kawaida. Washika breki walipoanzisha chama chao mwaka 1883, huko Oneonta katika jimbo la New York, moja ya shabaha zake kubwa ilikuwa bima, kwa sababu watu wa kazi yao walishindwa kuipata kwingine kwa bei wanayoiweza.

Dawa ilikuwa imekwisha kupatikana. Eli Hamilton Janney, aliyezaliwa Virginia mwaka 1831, hakuwa mhandisi wala mtu wa reli. Alikuwa askari wa upande wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na baada ya kushindwa alifanya kazi ya ukarani dukani katika mji wa Alexandria. Inaelezwa kwamba alichonga mifano yake ya kwanza kwa kisu, katika mti. Tarehe 29 Aprili 1873 alipewa hataza namba 138,405 ya kiungo kinachojifunga chenyewe. Wazo lake ni rahisi kueleza kwa mtu mwenye mikono miwili. Kunja vidole vya mkono wa kulia kama kulabu, mwombe mwenzako afanye vivyo hivyo kwa mkono wake wa kulia, kisha mkabiliane na kuingiza kulabu ndani ya kulabu: mtavutana bila kuachana. Katika kiungo cha Janney sehemu moja ya mkono haisogei, na sehemu nyingine, yaani kidole, huzunguka kwenye bawaba. Kidole kikiwa wazi, behewa linalokuja hukigonga, nacho hugeuka na kujifunga. Kabari ya chuma hudondoka ndani na kukizuia kisifunguke. Kufungua hakuhitaji mtu kuingia katikati, kwani wenzo uliopo pembeni mwa behewa huinua ile kabari. Wamarekani wakakipa kidole hicho jina la fundo la kidole, kwa lugha yao. Kwa Kiswahili tungependekeza kidole cha kiungo, ingawa tunatambua kwamba msomaji mwenye masikio atasikia humo mwangwi usiopendeza.

Ikiwa dawa ilikuwapo mwaka 1873, kwa nini watu waliendelea kukatwa kwa zaidi ya miaka ishirini? Hapa ndipo historia ya chombo inapokuwa historia ya jamii. Kampuni ya Pennsylvania ilianza kutumia kiungo cha Janney kwenye mabehewa yake ya abiria kabla ya miaka ya 1880, kwa maana abiria ndiye mteja na mteja huonekana. Mabehewa ya mizigo yalikuwa habari nyingine. Yalizunguka nchi nzima yakipita mikononi mwa kampuni nyingi. Hivyo kampuni moja isingenufaika kwa kubadili viungo vyake ikiwa jirani zake hawajabadili. Kila moja ilimngoja mwenziwe. Gharama zilihesabiwa kwa kila behewa, na mabehewa yalikuwa mamia ya maelfu, lakini kidole cha mshika breki hakikuandikwa popote katika daftari la hesabu, kwa sababu mahakama za wakati ule zilishika kanuni kwamba aliyekubali kazi ya hatari amekubali na hatari yake. Tusiwaonee wakurugenzi wale kwa kusema kwamba walikuwa na mioyo migumu kuliko watu wengine. Walikuwa ndani ya utaratibu ambamo kungoja kulikuwa na faida, na maadamu hapakuwa na wa kuwaamuru, walingoja.

Wavumbuzi nao waliongeza mkanganyiko. Hataza za viungo vya reli zilifika maelfu, kila mmoja akidai chake ndicho bora, na vingi havikuweza kuungana na vingine. Chama cha mafundi wakuu wa mabehewa kilifanya majaribio, na mwaka 1887 kikapendekeza umbo la Janney liwe kanuni kwa wote. Kilichowezesha uamuzi huo ni jambo ambalo twaliona kuwa la maana kubwa kwa habari ya pambo letu: wenye hataza waliachilia haki yao juu ya mstari wa umbo, yaani mchoro wa ubavu wa mkono na kidole kama unavyoonekana ukitazamwa kutoka juu. Mitambo ya ndani ilibaki mali ya kila mtengenezaji, lakini mstari ule ukawa wa watu wote, ili chuma cha kiwanda chochote kishikane na chuma cha kiwanda kingine. Fundi anayekata leo bamba la pambo nyuma ya nyumba yake anafuata mstari uliotolewa bure zaidi ya miaka mia moja na thelathini iliyopita.

Mtu aliyewasumbua wakubwa kuliko wote alikuwa mkulima. Lorenzo Coffin wa Iowa, aliyezaliwa mwaka 1823, alimwona mwaka 1874 mshika breki akipoteza vidole viwili vya mwisho vya mkono wake, kwa kuwa vingine alikwisha kuvipoteza hapo awali. Tangu siku hiyo hakunyamaza. Aliandika barua, alihudhuria mikutano ya mabwana wa reli bila kualikwa, akawa kamishna wa reli wa jimbo lake, akapigania sheria ya jimbo, na alipoona kwamba sheria ya jimbo moja haiwezi kulitawala behewa linalovuka majimbo kumi, alikwenda Washington. Rais Benjamin Harrison mwenyewe, katika ujumbe wake kwa Bunge mwaka 1889, alikuwa amelaumu hali ya wafanyakazi wa reli kuwa katika hatari sawa na ya askari vitani. Tarehe 2 Machi 1893, siku mbili kabla ya kuondoka madarakani, alitia saini sheria iliyoamuru kwamba mabehewa ya biashara baina ya majimbo yawe na viungo vinavyojifunga kwa kugongana, na vinavyofunguliwa bila mtu kuingia katikati. Sheria hiyo iliondoa pia ule utetezi wa kale: mfanyakazi aliyeumizwa na behewa lisilotimiza masharti hakuhesabiwa tena kuwa ameikubali hatari kwa sababu tu aliendelea na kazi.

Kampuni zilipewa hadi tarehe 1 Januari 1898. Ziliomba muda, zikaongezewa, hadi tarehe 1 Agosti 1900. Katika miaka hiyo ya mpito kulikuwa na treni zenye viungo vya aina mbili, na mafundi walilazimika kukipasua kidole cha Janney ufa katikati na kukitoboa tundu kutoka juu hadi chini, ili pete na pini ya zamani viweze kuingia. Kidole chenye ufa ni alama ya wakati. Anayekiona katika pambo ajue kwamba aliyelitengeneza anaijua historia.

Siku nne baada ya muda kwisha, tarehe 5 Agosti 1900, mshika breki aitwaye Johnson aliamriwa kufunga kichwa cha treni kwenye behewa la chakula mahali paitwapo Promontory, katika jimbo la Utah. Kichwa kilikuwa na kiungo cha Janney. Behewa lilikuwa na kulabu ya Miller. Vyote viwili vilikuwa viungo vya kujifunga vyenyewe. Kosa lilikuwa kwamba havikuweza kufungana kimoja na kingine. Ikabidi atumie pete na pini kama zamani, mkono ukanaswa, ukakatwa juu ya kifundo. Alishtaki. Mahakama za chini zilimnyima haki, zikishikilia kwamba behewa lilikuwa na kiungo cha kujifunga kama sheria ilivyotaka, na kwamba kichwa cha treni si behewa. Mwezi Desemba 1904 Mahakama Kuu ya Marekani ilitengua hukumu hizo. Ilisema kwamba sheria imewekwa kuwalinda watu wasiingie katikati, na kiungo kisichoweza kuungana na mwenziwe hakitimizi lengo hilo. Sisi wanafunzi wa lugha tunapaswa kuisoma kesi hiyo kwa makini, kwani mkono wa mtu ulikuwa umetegemea maana ya neno behewa.

Mahali pale Promontory hapakuwa mahali pa kawaida. Ndipo tarehe 10 Mei 1869 reli mbili, moja kutoka mashariki na moja kutoka magharibi, zilipokutana, na msumari wa dhahabu ukaingizwa katika taruma la mti wa heshima. Msumari ule haukupigiliwa kwa nguvu. Tundu lilikuwa limetobolewa tayari, na baada ya sherehe uling'olewa na kuhifadhiwa. Kwa hiyo pambo maarufu kuliko yote katika historia ya reli za Marekani lilikuwa msumari usioshika chochote. Miaka thelathini na mmoja baadaye Johnson alipoteza mkono hapo hapo, wala hatujui kumbukumbu yoyote ya dhahabu iliyowekwa kwa ajili yake. Mwaka 1904, mwaka wa hukumu yake, njia mpya ya kukata ziwa la chumvi ilifunguliwa na treni kubwa zikaacha kupita Promontory. Mwaka 1942 reli za mahali hapo ziling'olewa ili chuma kitumike vitani.

Je, sheria ilisaidia? Hesabu za serikali ya Marekani zinaonyesha kwamba mwaka 1893 wafanyakazi zaidi ya 11,000 walijeruhiwa, na zaidi ya 400 waliuawa, katika kufunga na kufungua mabehewa. Mwaka 1902 majeruhi hawakufika 3,000, ingawa idadi ya wafanyakazi ilikuwa imeongezeka. Asiwepo wa kudai kwamba hatari ilikoma. Hata leo mipira ya hewa ya breki huunganishwa kwa mkono, na mtu huingia katikati kuifunga. Tofauti ni kwamba mabehewa yanapaswa kuwa yamesimama.

Msomaji wa Likasi, wa Kamina au wa Kalemie huenda ameanza kuuliza habari ya kwao. Reli iliyoingia Elisabethville, Lubumbashi ya leo, tarehe 27 Septemba 1910, ilikuwa tawi la mtandao uliopanda kutoka Afrika ya Kusini, wenye upana wa milimita 1,067 baina ya reli na reli. Huko kusini mabehewa yalifungwa kwa kiungo chenye umbo la kengele, ambacho nacho kilitumia pete na pini, na ni tangu mwaka 1927 tu ambapo Shirika la Reli la Afrika ya Kusini lilianza kukibadili kwa kiungo cha namna ya Janney. Yaani miaka ishirini na saba baada ya muda wa sheria ya Marekani kwisha. Historia ya mikono ya wafanyakazi wetu katika kipindi hicho ingestahili makala yake, na wazee waliofanya kazi katika stesheni zetu wanazidi kupungua. Kijana mwenye daftari asingoje.

Turudi kwenye pikapu. Katika karne ya 20 gari la barabarani liliunyang'anya usafiri wa reli abiria wake na sehemu kubwa ya mizigo yake, hasa baada ya sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956. Wafanyakazi wa reli za Marekani, waliokuwa milioni mbili hivi mwaka 1920, leo hawafiki robo ya idadi hiyo. Kuna kejeli basi katika kuona gari, lililoshinda, limevaa nyuma yake kiungo cha treni, iliyoshindwa, kama mwindaji avaaye ngozi ya mnyama. Lakini ukimwendea mwenye gari mara nyingi utakuta kwamba si mwindaji. Ni mtu aliyestaafu kazi ya reli, au mwana wa aliyestaafu.

Mapambo mengi huuzwa madukani, mepesi, ya plastiki. Yaliyo mazuri hufanywa na mtu mmoja katika karakana yake, na hapa ni vema tueleze kazi yenyewe, kwa kuwa ndani yake historia yote inapatikana tena. Fundi huamua kwanza kipimo. Kidole cha kiungo cha kweli cha siku hizi kina kimo cha inchi 11, yaani milimita 279, na uzito wa kilo 36 hivi. Wapo wanaodhani kwamba wangenunua kidole kilichochakaa na kukichomelea kwenye gari. Watajuta, kwa sababu ni chuma cha kusubu, kigumu kuchomelea, na uzito wake utavuta bomba mwaka mzima. Robo ya kipimo inafaa zaidi. Kimo huwa milimita 70, ambacho hufunika barabara mdomo wa bomba lenye upana wa nje wa milimita 64. Na kwa kuwa robo ya urefu ni sehemu moja ya 64 ya uzito, kidole hubaki na nusu kilo na kitu.

Kwa vile umbo la Janney ni mstari unaoonekana kutoka juu, si lazima kulisubu. Linaweza kukatwa katika mabamba. Fundi huchora mstari kwenye ubao mwembamba, huukata na kuujaribu (hapo anakutana na Janney na kisu chake), kisha huuhamishia kwenye mabamba saba ya chuma yenye unene wa milimita 10, akayapanga moja juu ya jingine, akayabana katika jiliwa, akayachomelea kingo na kuyalainisha kwa tupa hadi mistari ya maungio itoweke. Akitaka kidole chenye ufa cha miaka ya mpito, bamba la nne, lile la katikati, hulikata fupi: ufa hutokea wenyewe, na kilichobaki ni kutoboa tundu la pini kwa keekee. Kosa la kawaida la wanaoanza ni kugeuza kiolezo juu chini. Matokeo yake ni mkono wa kushoto. Viungo vyote vya kweli ni vya mkono mmoja, kama watu wanaosalimiana, na mstaafu wa reli atakayesimama nyuma ya gari kwenye taa za barabarani ataliona kosa kabla taa haijageuka kijani.

Shina la pambo ni kipande cha bomba la mraba la inchi 2, urefu wa milimita 150 au zaidi. Tundu la pini halipimwi kwa kubahatisha. Bomba huingizwa garini, alama hupigwa kupitia tundu la gari lenyewe, maana magari hayafanani. Bomba lililopakwa zinki lisafishwe hadi chuma kitupu kabla ya kuchomelea, kwani moshi wa zinki huleta homa. Wengine hupenda msumari wa reli uwe ndio pini, wakivutiwa na ukweli kwamba msumari wa kawaida wa Marekani una unene wa inchi 5/8, sawasawa na pini ya tela. Lakini msumari ni wa mraba na tundu ni la duara. Pembe kwa pembe msumari hufika milimita 22, nao hauingii mpaka upunguzwe, na ukipunguzwa haufai kuvutia tela. Tena misumari iliyolala kando ya njia ya reli ina mwenyewe.

Kuhusu rangi mafundi hawakubaliani. Wengi hupaka nyeusi inayong'aa. Wengine huacha chuma kipate kutu, kwa hoja kwamba viungo vya mabehewa ya mizigo huonekana vyekundu kwa kutu na vumbi, na sisi tunawaunga mkono. Jambo ambalo wote hulirudia ni kwamba pambo lisifungwe mnyororo wala kamba. Lina sura ya chombo kinachovuta maelfu ya tani, na siku gari la jirani litakapozama matopeni yupo atakayeiamini sura hiyo.

Mjadala wa mwisho ni kama kidole kizunguke au kisizunguke. Kwa mpenzi wa reli, kidole kinachofunguka kwenye bawaba yake, na kabari ndogo inayodondoka ndani kwa sauti, ni furaha isiyo kifani. Na kiungo kilicho wazi ndicho kilicho tayari kuungana, kwa kuwa mikono miwili ikiwa imefungwa yote haishikani. Hata hivyo magari huegeshwa mbele ya shule na masoko, na mdomo wa chuma uliopo kwenye kimo cha mtoto humwita mtoto. Kwa hiyo wengi hukijaribu kidole mara mbili tatu karakanani, wakakisikiliza kikifunga, kisha wakakichomelea kikiwa kimefungwa.